Taabu ya hiari na taabu ya lazima

Mtu apandaye mlima kwa sababu shamba lake liko juu, hakuna amwulizaye neno. Mama apandaye kutoka mtoni, mzigo wa mihogo mgongoni, haulizwi kwa nini anatoka jasho. Lakini akipita mtu asiye na shamba kule juu, asiye na mgonjwa wa kumtazama wala barua ya kupeleka, naye akimbia usiku kucha juu ya mawe hata vidole vyatoka damu, ndipo watu husimama na kuulizana: Huyu anakimbia nini?

Swali hilo si la mzaha. Ni swali la adili, tena la zamani sana. Taabu anayoitafuta mtu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu mwingine wala na njaa, ina wema wo wote? Au ni upuzi tu? Au labda ni kosa?

Kiko kisiwa kimoja ambacho swali hilo laweza kuchunguzwa vema, kwa maana katika njia zake za milimani wamepita watu wa namna tatu: wale waliokimbia ili wasife, wale waliotembea ili wawatumikie wenzao, na wale wanaokimbia kwa kupenda. Njia ni moja, na mawe ni yale yale; lakini safari zao hazikuwa moja.

1. Kisiwa na njia zake

Kisiwa hicho ni Réunion, katika Bahari ya Hindi, upande wa mashariki wa Madagaska. Si kikubwa: eneo lake lapata kilometa 2,500 za mraba. Ni sehemu ya Ufaransa, na tangu mwaka 1946 kinatawaliwa kama mojawapo ya majimbo ya nchi hiyo. Watu wengi hukaa pwani, penye miji, barabara na mashamba ya miwa. Lakini katikati nchi huinuka ghafula. Kilele kirefu kuliko vyote, Piton des Neiges, kina meta 3,070. Ni mlima wa moto uliozimika zamani. Upande wa kusini-mashariki uko mwingine, Piton de la Fournaise, ambao hata leo hutoa moto mara kwa mara, kama ile milima ya moto ijulikanayo na watu wa Kivu.

Kandokando ya Piton des Neiges ardhi imebomoka na kuchimbwa na maji kwa muda wa maelfu mengi ya miaka. Hivyo yametokea mabonde matatu makubwa ya duara, yaliyozungukwa na kuta za mawe: Cilaos, Salazie na Mafate. Mvua ya huko ni kali mno. Tarehe 7 na 8 Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc, ilinyesha mvua ya milimeta 1,825 kwa saa 24. Kama maji hayo yangalisimama palepale yalipoanguka, yangaliwafunika watu wengi hata utosini.

Kwa hiyo njia ya miguu katika milima ile si kitu kidumucho chenyewe. Mvua huichukua, mawe huiangukia, na watu hawana budi kuirudisha kwa sururu na kwa koleo. Msomaji alikumbuke jambo hilo, maana litamfaa mbele: hakuna njia isiyokuwa na mikono iliyoitengeneza.

Katika bonde la Mafate hakuna barabara ya motokari hata leo. Watu wapatao 700 hukaa humo, katika vijiji vidogo vilivyotawanyika juu ya vipande vya tambarare, na kati ya kijiji na kijiji kuna makorongo. Afikaye huko hufika kwa miguu au kwa helikopta. Gunia la mchele, mfuko wa simenti, mgonjwa wa kupelekwa hospitali: kila kitu hupita ama mgongoni mwa mtu, ama angani. Mwaka 2007 milima hiyo iliwekwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2010 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, kwa ajili ya uzuri wake na ya mimea yake isiyopatikana kwingine.

2. Waliokimbia ili wapone

Zamani kisiwa hicho kiliitwa Bourbon. Katika karne ya 18 Wafaransa walilima humo kahawa, baadaye miwa, na kazi yote ilifanywa na watumwa. Wengi walitoka Madagaska. Wengi wengine walitoka Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanya biashara mmoja Mfaransa, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika bahari hiyo.

Katika watumwa hao walikuwako waliokataa. Walitoroka usiku, wakapanda mabondeni juu ambako bwana hakuweza kuwafuata kwa urahisi. Kwa Kiswahili mtu wa namna hiyo huitwa mtoro. Jina la bonde la Mafate ni jina la mtoro mmoja aliyekuwa mkuu wa wenzake. Vilele vya Cimendef na Dimitile navyo vina majina ya watoro. Hivyo waliotafutwa ili wauawe wamekwisha kuwa majina ya milima, na wawindaji wao hawakumbukwi na wengi.

Sheria ya mfalme wa Ufaransa, iliyotolewa mwezi wa Desemba 1723, iliweka wazi adhabu ya watoro. Aliyetoroka kwa muda wa mwezi mmoja alikatwa masikio, na begani akachomwa alama ya chuma cha moto. Akitoroka mara ya pili, alikatwa mshipa wa nyuma ya goti, asiweze tena kukimbia. Mara ya tatu aliuawa. Tena walikuwako watu waliolipwa kupanda milimani na bunduki kuwawinda watoro, na ushahidi wa kazi yao ulikuwa mkono uliokatwa. Wasomaji wa Kongo, ambao babu zao waliona mikono ikikatwa kwa ajili ya mpira wakati wa utawala wa Leopold II, hawahitaji maelezo zaidi. Utumwa uliondolewa katika kisiwa hicho tarehe 20 Desemba 1848, na watu wapatao 60,000 wakapata uhuru.

Basi, taabu ya mtoro ilikuwa njema? La. Baridi, njaa na hofu vilikuwa uovu aliotendewa na wengine. Kinachostahili sifa kwake ni kile alichokitafuta, yaani uhuru, pamoja na moyo aliokitafuta nao. Hapa pana fundisho la kwanza: taabu haina wema ndani yake yenyewe. Asemaye kwamba mateso ni mema kwa kuwa ni mateso, huwapa watesaji udhuru. Hata mwizi hukesha, hunyeshewa na mvua, huvumilia njaa akingoja watu walale. Lakini uvumilivu wake haumgeuzi kuwa mtu mwema. Wema wa taabu hutoka katika jambo linalotafutwa, na katika namna ya kulitafuta.

3. Aliyetembea ili kuwatumikia wengine

Utumwa ulipokwisha, mabonde hayakubaki matupu. Walikaa humo wazao wa watumwa, na pamoja nao Wazungu maskini waliokosa ardhi pwani. Hao wote walihitaji chumvi, dawa na habari za jamaa zao.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, tarishi wa posta aitwaye Ivrin Pausé alipeleka barua huko Mafate kwa miguu, kwa muda wa miaka 40 hivi. Alitoka na mfuko mgongoni, akaenda kijiji hata kijiji, akipanda na kushuka. Kisha akarudi, akapokea mfuko mwingine, akaanza tena. Hakuna aliyesimama kileleni kumpigia makofi, wala hakuna aliyehesabu dakika zake. Jambo moja tu lilihesabiwa: barua imefika au haijafika.

Taabu hiyo haikuwa ya mjeledi, wala haikuwa mchezo. Ilikuwa kazi. Mtu aliipokea kwa hiari yake, akalipwa mshahara wake, na wengine wakapata faida. Watu wa vijiji wanaijua sana. Mkunga aamshwaye usiku wa manane anaijua. Mwalimu aendaye kutwa hata kijiji cha mwisho anaijua. Kijana abebaye mgonjwa kwa machela anaijua. Hiyo ndiyo taabu ya kawaida ya watu wema duniani. Mtu akitaka kuipima taabu nyingine yo yote, na aipime kwa hiyo.

4. Wanaokimbia kwa kupenda

Mwaka 1989 katika kisiwa hicho yalianzishwa mashindano ya kukivuka kisiwa chote kwa miguu. Siku hizi yanaitwa Grand Raid. Watu huyaita pia kwa Kifaransa Diagonale des Fous, maana yake njia ya wendawazimu ikatayo kisiwa toka pembe hata pembe. Wenyewe walilikubali jina hilo. Hawakungoja kuchekwa na wengine.

Mashindano hufanyika kila mwaka, mwezi wa Oktoba, ila mwaka 2020 yalizuiwa na ugonjwa wa korona. Washindani huondoka Saint-Pierre, upande wa kusini, siku ya Alhamisi usiku, katikati ya ngoma na kelele za watu wengi. Mwisho wao ni Saint-Denis, upande wa kaskazini, katika kiwanja cha La Redoute. Urefu wa njia hubadilika kidogo mwaka hata mwaka, lakini huzidi kilometa 160. Mipando yote ikijumlishwa hupata meta 10,000 hivi, ni kama kumpandisha mtu toka baharini hata kilele cha Piton des Neiges mara tatu na zaidi. Washindani huzidi 2,000, wanaume kwa wanawake. Wa kwanza hufika baada ya saa 23 au 24. Wa mwisho hupewa saa 60 na zaidi, yaani huona usiku tatu milimani, nao hulala kidogo tu kando ya njia.

Hupita karibu na nchi ya mlima wa moto, penye baridi kali usiku. Hushuka Cilaos. Hupanda mlango wa Taïbit, wenye kimo cha meta 2,000 na zaidi, kisha huingia Mafate na kupita kati ya nyumba za watu. Hutoka humo kwa mpando mrefu wa ukuta wa mawe, na karibu na mwisho hukanyaga njia ya zamani iliyotandikwa mawe meusi, ambayo huwaumiza sana wenye malengelenge. Kila mmoja hana budi kuchukua taa, maji, chakula, filimbi ya kuitia msaada, na blanketi jepesi la kujifunika akipatwa na baridi. Viko vituo njiani, na kila kituo kina saa yake: atakayechelewa huondolewa. Madaktari nao wanayo mamlaka ya kumzuia mtu asiendelee. Mamia ya watu wa kujitolea hukesha wakipika supu, wakiandika namba, wakiwakanda waliokazwa na misuli.

Amalizaye hupewa fulana iliyoandikwa kwa Kifaransa neno hili: Nimenusurika. Neno hilo lastahili kufikiriwa. Mtoro aliyefika juu akaishi angaliweza kulisema kwa haki. Je, mkimbiaji naye aweza kulisema?

5. Mashaka matatu na majibu yake

Shaka la kwanza: «Huyu mwenye shibe anacheza njaa mbele ya mwenye njaa.»

Katika neno hilo pana ukweli, wala haufai kufichwa. Wengi wa washindani hutoka mbali kwa ndege, wana viatu vya bei kubwa, nao hupita mbele ya watu ambao mzigo kwao ni kazi ya kila juma. Mkimbiaji akidhani kwamba usiku tatu milimani zimemfundisha maisha ya mchukuzi, anajidanganya. Taabu ya hiari ina mwisho unaojulikana. Mwisho huo ukifika, mtu huenda kuoga na kulala. Taabu ya lazima haina kiwanja cha kuishia: kesho yake mzigo unangoja mlangoni.

Lakini haifuati kwamba kila lisilo la lazima ni baya. Ngoma si ya lazima. Mpira wa miguu si wa lazima. Vijana wapigao mieleka jioni hawapati chakula kwa kuanguka chini. Hata hivyo hakuna mwenye akili asemaye kwamba kijiji kisicho na ngoma wala mchezo ni kijiji chema zaidi. Tena mwili uliozoea kupewa kila utakacho ni mtumishi mvivu. Asiyepata kuunyima mwili wake jambo dogo, ataunyimaje jambo kubwa, siku wajibu utakapomwita? Ndiyo sababu wazee wamesema: samaki mkunje angali mbichi. Taabu ya hiari yaweza kuwa shule.

Ila shule si kazi. Ni matayarisho ya kazi. Mtu akivuka milima kwa siku tatu, kisha nyumbani kwake hawezi kuamka usiku mtoto akilia, amejifunza nini? Mwanafunzi asomaye miaka yote bila kutumia elimu yake kwa lo lote hafanani na mwenye elimu. Anafanana na aliyejaza ghala akafa njaa.

Shaka la pili: «Kujitia hatarini bila sababu ni kosa.»

Hilo ni kweli. Katika miaka ya mashindano hayo wamekuwako waliopoteza uhai. Uhai wa mtu si mali yake peke yake: ana wazazi, ana mwenzi, ana watoto. Hata waokoaji waitwao usiku hujitia hatarini kwa ajili yake. Lakini hatari ni za namna mbili. Iko hatari iliyopimwa, ambayo mtu ameitazama, akaitayarishia mwili kwa miezi mingi, akabeba taa na blanketi, akakubali kutiwa mkononi mwa daktari. Iko na hatari isiyopimwa, ambayo mtu huingia kwa sababu ameona haya kusema hapana. Ya kwanza yaweza kuwa ushujaa. Ya pili ni upumbavu uliovaa nguo za ushujaa. Kwa hiyo kanuni za taa, filimbi na saa za vituo si anasa za watu wa mjini. Ni sehemu ya haki, kwa kuwa humlinda mkimbiaji, nao wampendao, na hata yule ambaye angelazimika kushuka korongoni kumtafuta.

Shaka la tatu: «Ni majivuno tu.»

Moyo wa mtu hauonekani. Lakini mti hujulikana kwa matunda. Yuko apitaye kijijini bila kusalimu, anywaye supu bila kushukuru, atupaye takataka zake katika hifadhi ambayo wengine wanaitunza kwa jasho. Huyo amekuja kujitazama mwenyewe, na milima kwake ni kioo tu. Yuko na mwingine ajuaye kwamba njia anayoikanyaga si yake. Waliopita kwanza waliipita wakiogopa bunduki; baadaye tarishi aliikanyaga na barua; leo wafanyakazi wa misitu huitengeneza kila mvua inapoiharibu. Huyo hukimbia kama mgeni katika nyumba ya watu. Wote wawili wana namba kifuani, na labda hufika saa ile ile. Lakini hawakufanya jambo lile lile.

6. Wawili waliofika pamoja

Mwaka 2018 walikuwako mbele ya wote watu wawili, François D'Haene na Benoît Girondel. Kila mmoja wao alikwisha kushinda mashindano hayo miaka iliyotangulia. Walikwenda pamoja sehemu kubwa ya usiku na ya mchana. Walipokaribia mwisho, hawakushindana kwa hatua za mwisho. Waliingia La Redoute pamoja baada ya saa 23 na dakika chache, wakaandikwa wote wawili kuwa wa kwanza. Mwaka 2021 jambo kama hilo lilitokea tena, kwa Ludovic Pommeret na Daniel Jung.

Wako waliouliza: Je, hiyo ni haki? Mashindano yamewekwa ili ajulikane wa kwanza. Na wawili wakikubaliana, hawakuyaharibu?

Jibu lataka uangalifu. Kama watu wawili wangekubaliana kwa siri, kwa kupewa fedha, au ili kumzuia wa tatu asipate haki yake, hilo lingekuwa udanganyifu, na kushikana mikono kusingeondoa kosa. Lakini hapa hakuna aliyenyang'anywa. Wa tatu alibaki mahali alipofikishwa na miguu yake. Jambo lilifanyika mbele ya watu wote, na wenye mashindano wakalikubali. Kila mmoja wa wale wawili aliacha kitu kilichokuwa chake, yaani nafasi ya kuwa wa kwanza peke yake. Mtu aweza kutoa kilicho chake. Hawezi kutoa kilicho cha mwingine. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ukarimu na wizi.

Wala haifai kusema kwamba wote wangepaswa kufanya vile. Anayempita mwenzake kwa miguu yake, kwa haki na bila chuki, hakufanya ubaya wo wote. Tendo la wale wawili laonyesha jambo jingine: kwamba mtu aweza kuyapenda mashindano kwa nguvu zake zote bila kuyafanya kuwa bwana wake. Aliyefungwa na ushindi hawezi kuuacha hata akitaka. Alitumiaye tamanio la ushindi kama fimbo ya kupandia, huweza kuiweka chini akifika.

Liko tendo dogo kuliko hilo, nalo ni la lazima zaidi. Katika mbio za namna hiyo, mkimbiaji akimkuta mwenzake ameanguka, imempasa kusimama na kumsaidia hata msaada ufike. Dakika anazozipoteza hapo hazimpunguzii kitu katika utu wake. Lakini anayemruka aliyeanguka ili aokoe dakika zake, hata akipata kombe, amepoteza mbio.

7. Aachaye njiani

Si wote wafikao La Redoute. Katika miaka mingine theluthi nzima ya washindani huacha. Wengi huacha Cilaos, kabla ya mpando wa Taïbit, maana pale zipo barabara, vitanda na chakula cha moto, na mbele yao liko bonde lisilo na barabara.

Je, aachaye ni mwoga? Yawezekana. Mtu aachaye kwa sababu tu ya kuchoka, ingawa mwili wake ni mzima, ameshindwa na mwili. Na ajue hivyo bila kujisingizia ugonjwa. Lakini yuko mtu ambaye goti lake limevimba, au hawezi tena kushika maji tumboni, au ameanza kuona vitu visivyopo kwa kukosa usingizi. Huyo akivua namba yake mbele ya watu na kusema, «Basi, yatosha,» amefanya jambo gumu kuliko kuendelea. Kuendelea kungemletea sifa. Kuacha kunamletea huruma za watu, ambazo wenye majivuno huzichukia kuliko maumivu.

Hapa ndipo taabu ya hiari inapotofautiana kabisa na taabu ya mtumwa. Mtumwa hakuweza kuacha: nyuma yake palikuwa na kisu. Mkimbiaji aweza kuacha kila saa, na kwa sababu hiyo kila hatua yake ni kuchagua upya. Asiyeweza tena kuacha, kwa kuogopa maneno ya watu au kwa kuwa mtumwa wa sifa zake, amerudi utumwani kwa miguu yake mwenyewe, katika milima ile ile ambayo wengine waliipanda ili kuukimbia utumwa.

8. Kipimo

Basi, taabu ya hiari haistahili kudharauliwa, wala haistahili kuabudiwa. Mtu akitaka kujua kama taabu aliyojichagulia ni njema, iwe ni mbio, ni kufunga, ni kukesha, au ni kazi ya kupita kiasi, na ajiulize mambo matatu.

La kwanza: Ni nani alipaye? Kama walipao ni watoto walioachwa na njaa, au mke aliyeachiwa kazi zote, au mwenye njia aliyeharibiwa njia yake, basi taabu hiyo si ya mtu mwenyewe. Amewatwika wengine, akajichukulia sifa.

La pili: Inamfundisha kumtumikia nani? Shule isiyofikisha kwenye kazi ni njia isiyofika kijijini.

La tatu: Anaweza kuiacha? Akiweza kuiacha kwa ajili ya mtu aliyeanguka, au kwa amri ya daktari, au kwa ajili ya wajibu uliotokea nyumbani, yeye ni bwana wa taabu yake. Asipoweza, taabu ni bwana wake.

Akijibu vema hayo matatu, mkimbiaji aweza kuivaa fulana yake bila aibu. Lakini asilisome neno lililoandikwa juu yake kwa sauti kubwa mno katika bonde la Mafate. Kuna waliolinunua neno hilo kwa bei ambayo yeye hakudaiwa. Akikutana njiani na mchukuzi aliyebeba gunia, ni wajibu wake yeye kumpisha.

Maswali ya kufikiria

1. Kwa nini taabu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema?

2. Taabu ya mtoro, ya tarishi na ya mkimbiaji zatofautiana kwa nini, ingawa njia ni moja?

3. Ni lini kuacha jambo lililoanzwa ni woga, na ni lini ni busara?

4. Katika kijiji chenu, ni nani apitaye kila siku katika njia iliyotengenezwa na wengine, bila kuwashukuru?